Daraja lina mfuko wake, bomba la kijiji linatunzwa na nani?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Misungwi. Kwa miaka mingi Kigongo palikuwa mahali pa kungoja. Basi la Geita, lori la kwenda Bukoba, gari la wagonjwa na baiskeli ya mchuuzi wa dagaa vilipanga foleni moja kusubiri pantoni ya kwenda Busisi. Abiria walishuka kunyoosha miguu, wakanunua samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchoma, wakarudi garini honi ilipolia.

Foleni hiyo ilikwisha Juni 19, 2025, siku ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu na lililogharimu zaidi ya Sh700 bilioni. Safari iliyoweza kula saa mbili kwa pantoni, leo ni ya dakika chache. Magari yanapita juu, na wengi hawajui hata kwamba wameshaipita Kigongo.

Lakini shuka chini, uiache lami, ufuate njia ya miguu inayokwenda ziwani. Huko, kama ilivyo katika kijiji chochote cha ufukwe huu, kuna mali nyingine ya wote: bomba la maji, choo cha stendi, sakafu ya saruji mwaloni (pale mitumbwi inaposhushia samaki), banda la soko, vyoo vya shule, kidaraja cha mbao juu ya mtaro. Hakuna msafara uliokuja kuvipigia picha. Hata hivyo, mwanakijiji anavigusa kila siku ya Mungu, tangu alfajiri anapobeba ndoo hadi jioni mtoto anaporudi shuleni.

Tofauti ya mali hizo mbili haiko kwenye ukubwa peke yake. Daraja likipata ufa, kuna sheria inayosema fedha ya kuuziba itoke wapi. Bomba la kijiji likikatika mpini, fedha itoke wapi?

Barabara zimeshapata jibu

Nchi hii ilijifunza somo la barabara kwa uchungu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, barabara nyingi zilizojengwa kwa gharama kubwa zilikuwa zimegeuka makorongo, kwa sababu fedha ya kujenga ilipatikana na ya kutunza haikupatikana.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 1998 yakaunda Mfuko wa Barabara. Kila lita ya petroli na dizeli inakatwa tozo, na sheria inaagiza angalau asilimia 90 ya makusanyo iende kwenye matengenezo. Kujenga kipya kumeachiwa asilimia isiyozidi 10. Mwaka 2021 ikaongezwa Sh100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na Tarura.

Tafakari maana ya agizo hilo. Serikali ilijifunga mikono yenyewe, kwa kujua kwamba kiongozi yeyote hupenda kukata utepe kuliko kununua kokoto za kuziba shimo.

Maji nayo yana mfuko wa taifa, unaopata Sh50 kwa kila lita ya mafuta tangu mwaka 2015. Kazi yake kubwa imekuwa kulipia miradi mipya na kupanua ya zamani. Mradi ukishakabidhiwa kwa wananchi, jukumu la kuutunza linashuka ngazi kwa ngazi hadi linatua kwenye ndoo ya mama.

> Sheria inaagiza angalau asilimia 90 ya Mfuko wa Barabara iende kwenye matengenezo. Bomba la kijiji halina agizo kama hilo.

Mpini ulipokuwa mwepesi

Nimekulia katika kijiji cha ufukweni, ambacho sitakitaja jina, kilichokuwa na kisima kimoja cha pampu ya mkono. Akina mama waliijua afya ya pampu ile kwa mkono. Ikiwa nzima, mpini ulikuwa mzito na maji yalitoka kwa pigo la tatu. Kipira cha ndani kilipoanza kuchakaa, mpini ukawa mwepesi, na mapigo yakaongezeka: kumi, ishirini, arobaini. Sisi watoto tuliyahesabu kwa sauti kama mchezo, bila kujua kwamba tunahesabu siku za mwisho za kisima.

Kamati ya maji ilikuwepo. Mhazini alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, majina ya wakuu wa kaya yakiwa yamepangwa kwa mstari na miezi kumi na miwili ikiwa juu. Miezi mitatu ya kwanza ilijaa alama za vema. Kuanzia wa nne zikaanza nafasi tupu. Kufikia wa nane, ukurasa ulikuwa mweupe.

Pampu ilipokwama, mkutano uliitishwa. Ikafahamika kwamba kidogo kilichokusanywa kilitumika kuwapikia wageni waliokuja kuukagua mradi. Hakuna aliyeiba. Fedha ilikuwa kwenye kopo moja, na kopo moja halijui tofauti ya kipira cha pampu na kilo ya mchele.

Kipira kile kingenunuliwa kwa fedha ya jogoo mmoja. Hakikununuliwa. Pampu ikawa mahali pa kufungia mbuzi, sisi tukarudi ziwani na ndoo zetu, na kichocho kikarudi nasi nyumbani. Najua rafiki ambaye tumbo lake lilivimba hadi akaacha shule.

Kwa hiyo ninapoandika habari ya bajeti ya matengenezo, siandiki habari ya karatasi. Kingo za Ziwa Victoria zina konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na kila bomba linalokufa linamrudisha mtoto kwenye maji hayo.

Kutoka maji ya bure hadi ndoo ya kulipia

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 uliolenga kila Mtanzania wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani ifikapo 1991. Ulikuwa wakati wa ndoto kubwa na maji hayakulipiwa. Serikali ilijenga, Serikali ikatengeneza, na mwananchi akachota.

Miaka ilivyokwenda, mashine zikazeeka, mafuta ya jenereta yakapanda bei, na hazina haikuweza kuzibeba zote kwa pamoja. Miradi mingi ikanyamaza.

Kanda ya Ziwa ilipata nafasi ya pili kupitia Hesawa, programu ya afya, usafi wa mazingira na maji iliyofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera kuanzia 1985 hadi 2002. Wazee wengi wa huku bado wanaviita visima vya aina ile "visima vya Hesawa". Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba kijiji kiwe na kamati, fundi wake na mfuko wake.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaliweka wazi jambo hilo: wananchi wa vijijini walipie gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ikaanzisha Ruwasa, wakala wa maji vijijini, na kamati za kujitolea zikaanza kupisha vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, maarufu CBWSO, vinavyotakiwa kuwa na fundi na mtunza hesabu wanaolipwa.

Kwa nini mabadiliko hayo yalihitajika? Mwaka 2009 shirika la WaterAid lilionya kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vijijini nchini havifanyi kazi, na robo ya miradi yenye umri wa miaka miwili tu ilikuwa imeshakufa.

Kumbukumbu za Wizara ya Maji za vituo 59,400, nyingi zikiwa zimekusanywa kati ya 2011 na 2013, zilieleza hali hiyohiyo: asilimia 54 hivi vilikuwa vizima, 7 vilihitaji matengenezo na 38 vilikuwa havitoi maji.

Ndani ya kumbukumbu hizo kuna jambo la kuzingatia zaidi. Kati ya vituo ambavyo watumiaji hawakulipa chochote, vizima vilikuwa takriban asilimia 45. Kati ya vile ambavyo watu walilipia kwa mwaka, vizima vilikuwa takriban asilimia 75. Ni kweli kwamba bomba lililokufa hakuna anayelilipia, hivyo takwimu hiyo pekee haimalizi ubishi. Lakini pengo la asilimia 30 si la kupuuza.

"Tulichanga, zikaenda wapi?"

Ukikaa kwenye mkutano wowote wa kijiji unaojadili michango, utasikia pande tatu, na kila upande una hoja.

Wa kwanza husema: Serikali ndiyo iliyojenga, Serikali itengeneze. Mkulima wa pamba anayelipwa mara moja kwa mwaka na mjane anayeuza mihogo wanalipa kodi kila wanaponunua sukari au sabuni. Mkazi wa mjini halazimiki kuchangia taa ya barabarani, kwa nini wa kijijini achangie kila kitu?

Wa pili husema: asiyelipia hana uchungu nacho. Hao wanakumbusha kwamba kusubiri fundi wa Serikali kuna foleni ndefu kuliko ile ya pantoni, na kwamba kijiji chenye fedha mkononi kinaliamsha bomba siku ileile.

Wa tatu ndio wengi, nao hawabishani kuhusu sera. Wanauliza swali moja tu: tulichanga, zikaenda wapi? Wameshaona risiti zisizo na mhuri, mhazini aliyehamia Kahama, taarifa ya mapato iliyosomwa haraka jua likizama. Hawa hawajakataa kulipa. Wanakataa kulipia giza.

> Wameshaona mhazini aliyehamia, taarifa iliyosomwa jua likizama. Hawajakataa kulipa. Wanakataa kulipia giza.

Mimi naona upande wa tatu ndio unaobeba ufunguo. Wasukuma wa kanda hii wanajua kusimamia mambo ya pamoja. Sungusungu, walinzi wa jadi, walipoanza miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, hakuna aliyewalipa mshahara. Zamu zilijulikana, adhabu ilijulikana, na kila mtu aliona matokeo: ng'ombe wamelala zizini. Watu hutoa nguvu na mali pale wanapoona mwanzo na mwisho wa walichotoa.

Hesabu ya ndoo

Sera ya 2002 inataka kituo kimoja kihudumie watu 250, kila mmoja akipata lita 25 kwa siku. Hizo ni lita 6,250, yaani kama ndoo 312 za lita 20.

Tuseme ndoo inauzwa Sh50, na katika hizo tunatenga Sh10 kwa kazi moja tu: kubadilisha mashine siku itakapozeeka. Kwa siku ni Sh3,120. Kwa mwaka ni Sh1,138,800.

Anayejua maisha ya kijijini atapinga hapo hapo. Masika yakiingia watu wanakinga maji ya bati na kuchota kwenye malambo, na kituo kinakaa bila mteja. Sawa. Kata makisio hayo nusu. Inabaki Sh569,400 kwa mwaka, na kwa miaka minane inafika zaidi ya Sh4.5 milioni.

Chukua sasa, kwa mfano, pampu inayouzwa leo Sh3 milioni na inayotarajiwa kudumu miaka minane. Bei ikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, siku ya kuibadilisha itauzwa kama Sh4.1 milioni. Akiba inatosha, na chenji inabaki.

Hesabu hii inaonyesha jambo ambalo kamati nyingi hulisahau: kutengeneza na kubadilisha ni matumizi mawili tofauti. Kipira, koki na mshahara wa fundi ni vya kila mwezi. Pampu mpya, tangi jipya au paneli za sola ni za mara moja baada ya miaka mingi. Fedha zake zikilala kwenye akaunti moja, kidogo cha kila mwezi kitakula kikubwa cha baadaye, na siku mashine itakapokufa akaunti itakutwa tupu ingawa hakuna mwizi.

Pia inaonyesha mpaka wa uwezo wa mwananchi. Sh10 za ndoo zitanunua pampu. Hazitachimba kisima kirefu upya wala kubadilisha kilomita kadhaa za mabomba. Hapo upande wa kwanza una haki yake: vikubwa vibaki kwenye bajeti ya Serikali, tena kwa kuandikwa mapema, si kwa kuombwa baada ya maji kukatika.

Mwalo na vyoo vya shule

Kanda hii inajua gharama ya sakafu chafu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 masoko ya Ulaya yalipowafungia milango samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usalama wa chakula, mvuvi wa mtumbwi aliumia kama mwenye kiwanda. Baada ya hapo mialo ikaanza kuboreshwa, ikiwekewa sakafu za saruji, mabanda, maji na vyoo.

Saruji ya mwaloni hupigwa na maji na magamba kila siku. Ikianza kumeguka, uchafu unatuama kwenye mashimo. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vipo kwenye mialo. Kinachohitajika ni kila kikundi kuwa na ukurasa unaosema: sakafu hii ilimwagwa mwaka gani, itamwagwa upya mwaka gani, na akiba yake imefika wapi.

Shuleni hali inabana zaidi. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni Sh10,000 kwa mwaka, ambapo Sh6,000 hupelekwa shuleni na sehemu iliyobaki hununua vitabu. Sh6,000 ni Sh500 kwa mwezi kwa mtoto, na humo zimo chaki, mitihani, michezo na ukarabati. Mlango wa choo cha wasichana uking'oka, unashindana na boksi la chaki. Mara nyingi chaki hushinda, na msichana mkubwa hubaki nyumbani siku zake zikifika.

Utajiri peke yake hauokoi

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la umaskini. Mnamo Juni 24, 2021 sehemu ya jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South iliporomoka usiku huko Surfside, Florida, nchini Marekani, na kuua watu 98. Wenye nyumba humo walikuwa watu wenye uwezo. Walikwishaonywa kwamba zege linaoza kwa maji, na kazi ilihitaji kama dola milioni 15. Miaka ya kuahirisha na kubishana juu ya michango ilikuwa imepita, na akiba haikukaribia kiasi hicho.

Mwaka uliofuata Florida ilipitisha sheria inayowalazimu wenye majengo ya pamoja ya ghorofa tatu na zaidi kufanyiwa makisio ya uchakavu na kuweka akiba ya kweli. Ilichukua vifo 98 kukubali kwamba kitu cha wote huzeeka kama cha mtu mmoja, tena huzeeka haraka kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenzake.

Jiwe la uzinduzi liandikwe upya

Dawa haihitaji mfadhili. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imekipa kijiji halmashauri na mkutano mkuu unaotakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni ajenda moja ya kudumu: hali ya mali zetu.

Kijiji kiwe na daftari la mali lenye mistari minne kwa kila kitu: kilijengwa lini, kwa kiasi gani, kitazeeka lini, tumeweka akiba kiasi gani. Lisomwe kwenye kila mkutano mkuu, mchana, sauti ikisikika hadi nyuma wanakokaa vijana na akina mama wenye watoto. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Akaunti ziwe mbili, ya matengenezo na ya kubadilisha, na hii ya pili isifunguliwe bila idhini ya mkutano. Malipo yapite kwenye simu kwa namba ya kumbukumbu, ili mhazini asishike noti mkononi. Mjane na mlemavu asiyejiweza wasamehewe kwa uamuzi wa wazi wa kijiji, majina yao yakijulikana, badala ya kila mtu kujisamehe mwenyewe.

Halmashauri na Ruwasa nazo zipokee daftari hilo na kuliingiza kwenye bajeti. Na Bunge lililowahi kuagiza asilimia 90 ya tozo ya barabara iende kwenye matengenezo linaweza kuutazama mfuko wa maji kwa jicho hilohilo.

> Kitu cha wote huzeeka haraka, kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenzake.

Kisha kuna jambo dogo ambalo lingeweza kuanza kesho. Kila mradi wetu una jiwe la uzinduzi: jina la kiongozi, cheo chake, tarehe. Chini ya maandishi hayo iongezwe mistari miwili. Wa kwanza: mashine hii itastaafu mwaka fulani. Wa pili: akiba yake inatunzwa kwenye akaunti fulani.

Kama jiwe la kisima cha kijijini kwetu lingekuwa na mistari hiyo, mhazini angejua kwamba kopo lile si la wageni. Nasi watoto, tulipokuwa tukihesabu mapigo ya mpini, kumi, ishirini, arobaini, angekuwepo mtu mzima wa kutusikia akasema: muda umefika, ifungueni ile akaunti ya pili.